Siku Sita za Lokesheni Mtwara na Lindi: Tathmini ya Huduma Tuliyoitumia kwa Dokumentari ya George Lilanga

Huduma ninayoitathmini hapa inatolewa na kikundi kidogo cha vijana wa Mtwara Mjini ambao, kwa malipo ya kutwa, huwatafutia watengenezaji wa filamu lokesheni, huwapatia gari na dereva, huwatangulia kwa watendaji wa vijiji, na huwa wakalimani wa Kimakonde pale ambapo Kiswahili hakifiki. Sitakitaja kikundi hicho kwa jina, kwa kuwa baadhi ya niliyo nayo ni malalamiko, na malalamiko yenyewe ni ya aina inayorekebishika. Tulikuwa watu wanne kutoka Dar es Salaam, tukakaa nao siku sita katika mwezi wa nane, tukipiga sehemu ya kusini ya dokumentari kuhusu mchoraji na mchongaji George Lilanga. Bei tuliyokubaliana ilikuwa shilingi laki sita na nusu kwa siku, ndani yake mkiwa na gari, dereva, mafuta na mwenyeji mmoja wa kutuongoza. Chakula, malazi na posho za watu wa vijijini vilibaki juu yetu.

Ili msomaji aelewe kwa nini nitawasifu mahali fulani na kuwalaumu mahali pengine, sina budi kueleza kwanza kazi yenyewe ilivyokuwa. Lilanga alizaliwa mwaka 1934 huku kusini, Mmakonde, na alianza kuchonga kwa mizizi ya muhogo, ambayo ni laini na haimtii mtu hasara ikiharibika, kabla ya kuhamia kwenye mti mgumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifika Dar es Salaam, na kwa msaada wa mzee wa ukoo wake, mchongaji Augustino Malaba, akapata kazi ya ulinzi wa usiku katika Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972. Kutoka kwenye ulinzi akaingia kwenye kazi za mikono za kituo hicho, akachonga, akafanya batiki, akachora juu ya ngozi za mbuzi, na baadaye juu ya mbao na turubai kwa rangi zinazowaka. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, na hadi alipofariki Dar es Salaam mwaka 2005 alikuwa miongoni mwa wasanii wa Tanzania waliojulikana zaidi ng'ambo kuliko nyumbani.

Sasa, ugumu wa kumtafutia Lilanga lokesheni ni kwamba hakuwa mchoraji wa mandhari. Katika picha zake hakuna bahari inayokutana na mbingu, hakuna mlima kwa mbali, wala mnazi ulioinama. Kuna mashetani: wenye masikio makubwa, midomo iliyochomoza, matumbo yaliyofura na vidole vichache, wamebanana kutoka ukingo mmoja wa ubao hadi mwingine, wanatwanga, wanacheza ngoma, wanagombana, wanabebana, hata usione pa kupenyeza kidole kati yao. Mtu kama huyo huwezi kumweleza kwa kuonyesha jua linazama. Unahitaji ua wa nyumba wenye msongamano wa watu, mikono inayoshika tezo, barakoa za ngoma, na usiku wa mlinzi aliyekaa peke yake hadi mawazo yakaanza kuota miguu. Haya niliyaandika kwa urefu katika maelezo niliyowatumia vijana wale wiki tatu kabla ya safari.

Walichonijibu kwa WhatsApp ni orodha ya sehemu nzuri. Kulikuwa na Boma la Mikindani lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, nyumba yenye kibao cha Livingstone, ufukwe wa Msimbati, Shimo la Mungu kule Newala, yaani ukingo ambapo Uwanda wa Makonde unakatika juu ya bonde, miamba ya Masasi, na, kana kwamba tuna mwezi mzima, magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo yamo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981 na hayana uhusiano wowote na mtu wetu. Kila jina lilifuatana na picha ya machweo. Nilielewa mara moja kwamba orodha ile ilitungwa kwa ajili ya watalii na kampuni za matangazo ya simu, na kwamba maelezo yangu hayakusomwa zaidi ya aya ya kwanza. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa, na mengine mengi yametoka humo: wanauza mandhari hata kwa mteja aliyeomba ua wa nyumba.

Hata hivyo, siku ya kwanza tu waliniziba mdomo kwa jinsi walivyoshughulikia vibali. Kibali cha Bodi ya Filamu tulikuwa tumekwisha kukipata Dar es Salaam, maana sheria ya mwaka 1976 haichezewi, lakini kila aliyewahi kupiga picha mikoani anajua kwamba karatasi ya Dar hukufikisha kwenye mlango wa ofisi tu, na ndani unaingia kwa salamu. Mwenyeji wetu alikuwa amepeleka nakala za kibali mkoani na wilayani siku nne kabla, akapiga simu kwa watendaji wa vijiji vyote vitatu tulivyokusudia, na katika kila kijiji alianza kwa mwenyekiti, akafuata wazee, ndipo akatutambulisha sisi. Hakuna mahali tulipozuiwa. Kuhusu droni alitwambia waziwazi tuiache Mtwara, kwa sababu Newala imeukabili mpaka wa Msumbiji, kibali chetu cha chombo hicho kilikuwa hakijakamilika, na askari wa huko hawana utani na kitu kinachoruka. Mpiga picha wetu alinuna kwa nusu siku. Mimi nilishukuru, kwani nimewahi kufanya kazi na wenyeji wa mikoa mingine ambao wangetuacha tuirushe kisha wakasimama pembeni.

Safari ya Newala tuliifanya siku ya pili kwa barabara ya Nanyamba na Tandahimba, tukaondoka saa kumi alfajiri ili tuwahi ukungu. Nakiri kwamba Shimo la Mungu nilikuwa nimekwisha kulifuta katika orodha yangu, na ni mwenyeji wetu aliyenishawishi nilirudishe, kwa hoja moja ambayo ilinifunga. Alisema kwamba wachongaji wengi wa Kimakonde wanaojulikana leo asili yao ni ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mueda, na kwamba ukisimama kwenye ukingo ule wa uwanda unaona kwa jicho lako njia waliyoijia. Ndivyo ilivyokuwa. Uwanda wa Makonde unakatika ghafla kama mkate uliokatwa kwa kisu, chini yake bonde linashuka kwa vipande vya kijani na kahawia, na mbali zaidi ni Msumbiji. Ukungu ulianza kujikunja kutoka bondeni saa moja na nusu, na kwa muda wa dakika arobaini tulipata picha ambazo nina hakika zitabaki kwenye filamu, kwa sababu zinaeleza kuhama kwa watu, na ndani yake mna kuhama kwa ufundi. Kama vijana wale wangeziuza lokesheni zao zote kwa hoja ya namna hiyo badala ya picha za machweo, tathmini hii ingekuwa fupi na tamu.

Kuna kasoro ndogo ya Newala ambayo lazima niitaje: maji. Uwanda wa Makonde haujaaliwa mito ya juu ya ardhi, maji husukumwa kwa mitambo kutoka mabondeni, na nyumba ya wageni tuliyopangiwa ilikuwa na ndoo moja kwa vyumba viwili. Wenyeji hawana kosa katika jiografia, lakini waliijua na hawakutuonya.

Siku ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii badala ya kulipa na kunyamaza. Nilikuwa nimeomba ngoma ya mapiko, kwa sababu mtu hawezi kuyaelewa mashetani ya Lilanga pasipo kuona kwanza lipiko likitoka uwanjani: ile barakoa ya mti mwepesi inayovaliwa kichwani kama kofia nzito, yenye nywele za kweli zilizogandishwa kwa nta, na mchezaji akiangalia nje kupitia mdomo wa sanamu, huku mwili wote ukiwa umefungwa nguo asionekane hata kidole. Mwenyeji wetu angeweza kutuletea kikundi cha maonyesho kinachocheza hotelini. Badala yake alitupeleka kwenye kijiji kimoja cha njia ya Tandahimba ambako vijana walikuwa wametoka jandoni wiki ileile, na ngoma ilikuwa ikichezwa kwa ajili ya vijana hao, wala si kwa ajili yetu.

Alichokifanya pale kilihitaji busara ambayo hailipwi kwa kutwa. Fundi wetu wa sauti ni mwanamke. Kwa desturi ya mapiko, mahali pa kuvalishia mchezaji ni siri ya wanaume waliopita jando, na mwanamke hapaswi kumjua aliye ndani ya barakoa. Mwenyeji alimweka dada yetu kando mapema, kabla hajaaibika mbele za watu, akamweleza mpaka uko wapi, akamkabidhi kwa mama mmoja mtu mzima wa pale kijijini, na yule mama akamketisha katikati ya wanawake waliokuwa wakiimba na kupiga vigelegele. Matokeo yake ni kwamba sauti tuliyoipata ni ya ndani ya umati, yenye vicheko, watoto wanaokimbia kwa hofu ya kweli na bibi anayemtukana lipiko kwa maneno ambayo sitayaandika, ilhali mimi na mpiga picha tulikuwa upande wa ngoma tukipata picha safi na sauti mbaya. Na sisi wanaume pia tulikatazwa kupiga picha mahali pa kuvalishia, tukatii. Baadaye, tulipoweka picha zile kando ya nakala za michoro ya Lilanga, tuliona mkunjo uleule wa magoti, uleule usogeaji wa bega, na umati uleule usioacha nafasi tupu.

Posho ya wazee na ya wapiga ngoma ilipangwa mbele ya mwenyekiti, ikaandikwa, ikatiwa saini. Sikuombwa hata shilingi ya pembeni.

Kwa wachongaji, mambo yalianza vibaya. Asubuhi ya siku ya nne tulipelekwa penye banda lililofagiliwa, lenye wanaume sita waliovaa fulana za rangi moja, kila mmoja amekalia kigoda kipya na kushika kipande cha mpingo ambacho, kwa jicho la mtu yeyote aliyewahi kupita soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, kilikuwa kimekwisha kuchongwa na kinasuguliwa msasa kwa mara ya tatu. Walikuwa waungwana, nami sina neno nao. Neno langu ni kwa aliyewapanga, ambaye alidhani kwamba kamera inataka usafi. Nilimwita mwenyeji pembeni, nikamwuliza kama anamjua mtu yeyote anayechonga leo kwa sababu ana kazi ya mtu ya kumaliza. Akafikiri kidogo, akasema: "Yupo babu mmoja, lakini kwake hapapendezi."

Kwake ndipo palipokuwa mahali petu. Ua ulikuwa na kuku, masufuria, baiskeli isiyo na gurudumu, wajukuu wasiohesabika, na katikati yake, chini ya mkorosho, mzee aliyeketi chini amenyoosha miguu na kulibana gogo la mpingo kwa nyayo zake, tezo ikishuka karibu na vidole vya mguu kwa namna iliyomfanya mpiga picha wetu afumbe jicho la pili. Ngozi ya nje ya mpingo, ile nyeupe inayoelekea unjano, ilikuwa ikiruka vipande vipande, na weusi wa ndani ukianza kutokeza. Tulimwamkia, tukaeleza shida yetu, akatuuliza kwanza kama tumekula. Nilipomtajia habari ya mizizi ya muhogo, alimtuma mjukuu wake shambani, mtoto akarudi na muhogo uliooshwa, na babu akamwachia kisu bila kusema neno. Kijana wa miaka kama tisa akachonga kichwa chenye masikio mawili makubwa, akacheka, akakitupa kwa kuku. Tukio hilo halikupangwa na mtu, nalo litafungua filamu. Lakini ni lazima niulize: kama mwenyeji alimjua babu huyu tangu mwanzo, kwa nini tulipoteza asubuhi nzima bandani?

Linalofuata linahusu sauti, na kwa mtu yeyote anayepanga kupiga filamu kusini katika miezi hii, naomba alisome kwa makini. Mwezi wa saba na wa nane mikorosho inachanua, na wakulima wanapulizia salfa. Upuliziaji hufanyika alfajiri, wakati umande ungali majanini na upepo haujaamka, yaani saa zilezile ambazo mwanga ni mzuri na mtengenezaji wa filamu anataka kazi. Mashine za kubeba mgongoni zinanguruma kama pikipiki zisizo na ekzosi, moja huku, nyingine kule, na vumbi la njano linatua kwenye lenzi, kwenye nywele na kwenye chai. Asubuhi mbili tuliharibikiwa kabisa na sauti ya mahojiano. Siwezi kuwalaumu wakulima, maana korosho ndiyo karo, ndiyo bati, ndiyo harusi za huku. Ninawalaumu wenyeji wetu, ambao wote ni watoto wa wakulima wa korosho na walilijua jambo hili kama wanavyojua majina yao, lakini haikuwapitikia kwamba sauti ni sehemu ya lokesheni. Siku ya tano tulijifunza kugeuza ratiba: picha zisizo na sauti alfajiri, mahojiano baada ya saa nne, ndani ya nyumba zenye kuta za udongo, ambazo, kwa taarifa ya mafundi wenzangu, hunyonya mwangwi vizuri kuliko ukumbi wowote wa mikutano niliowahi kurekodia.

Mikindani tuliihitaji kwa kipande kimoja tu. Kabla ya daraja la Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, mtu wa kusini aliyetaka kwenda Dar es Salaam alikuwa na mashaka na barabara, hasa masika, na bahari ilikuwa njia ya kutegemewa. Kwa hiyo tulitaka picha za mji wa zamani ukiachwa nyuma kutoka chomboni, pasipo kudai kwamba Lilanga mwenyewe alipandia pale. Mashua ilipangwa saa nne asubuhi. Ilikuwa siku mbili baada ya mwezi mpevu. Mtu yeyote aliyelelewa pwani hii anajua kwamba siku za bamvua maji hutoka mchana wa mapema na kuacha tope, na kwamba ghuba ya ndani ya Mikindani inakauka hadi watoto wanacheza mpira mahali palipoelea ngalawa jioni ya jana. Tulifika tukaikuta mashua yetu imelala ubavu kwenye matope, nahodha wake anakunywa kahawa na kashata, akatutazama kwa huruma, akauliza ni nani aliyetupa saa ile. Hakuna aliyejibu. Tulirudi saa kumi alasiri, maji yakiwa yamejaa hadi kwenye mikoko, tukapata tulichokitaka kwa saa moja na dakika kadhaa. Siku nzima ilikwenda kwa kipande cha sekunde ishirini, na kutwa ile tuliilipia kamili. Niliomba punguzo, nikapewa maneno mazuri.

Wakati wa kusubiri maji tulizungushwa mjini, na hapo nilisikia habari za Livingstone mara nne. Ni kweli alipita Mikindani mwaka 1866 akielekea bara katika safari yake ya mwisho, na mji ule una haki ya kujivunia historia yake, lakini Livingstone hakuchora mashetani, na dokumentari ya mchoraji wa Kimakonde haiwezi kumpa hata dakika moja. Msimbati hatukwenda kabisa. Najua ni ufukwe mzuri, umo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, na una utaratibu wake wa vibali. Atakayetengeneza filamu ya bahari aende.

Lindi tuliipa siku moja, nayo haina maneno mengi. Tulikuwa tunatafuta mkonge, kwa kuwa mashamba ya mkonge ya enzi za ukoloni ndiyo yaliyowavuta Wamakonde wengi kushuka kutoka uwandani na kuvuka kutoka Msumbiji, na tulipata mashamba ya zamani yaliyogeuka pori, mikonge imetoa miti mirefu ya maua iliyosimama kama nguzo za simu zisizo na waya. Picha ni nzuri, upepo wa kusi ulikuwa mkali, na maikrofoni zilizofunikwa manyoya mara mbili bado zilivuma. Mchana tulikula samaki na ugali karibu na kivuko cha kwenda Kitunda, tukapiga watu wakipanda pantoni na mizigo yao, umati uliobanana ambao, kwa mara ya pili katika safari ile, ulifanana na ubao wa Lilanga kuliko chochote kilichokuwa kwenye orodha ya machweo. Hilo pia lilikuwa la bahati, hakuna aliyelipanga.

Imebaki lokesheni ya usiku, ambayo kwangu ndiyo iliyokuwa mtihani. Nyumba ya Sanaa ilikuwa Dar es Salaam na hatukuwa na nia ya kudanganya kwamba Mtwara ni Dar. Tulichohitaji ni baraza la jengo la kawaida la miaka ile, lenye taa moja, kiti, na giza la kutosha, ili mwigizaji akae kama mlinzi na sauti ya msimulizi ipite juu yake. Kwanza nilionyeshwa nyumba ya mawe ya Mikindani yenye mlango wa nakshi. Nikakataa. Kisha nikaonyeshwa hoteli yenye bwawa la kuogelea. Nikakataa kwa sauti ya juu kidogo. Mara ya tatu, dereva, ambaye kwa siku tano alikuwa kimya na ambaye naamini ndiye pekee aliyekuwa akisikiliza mazungumzo yetu garini, alisema kwamba anajua ghala moja la zamani la korosho lenye baraza la saruji na mlinzi mzee ambaye hulala saa sita na kuamka saa nane. Tulikwenda. Baraza lilikuwa na nyufa, ukuta ulikuwa na chokaa iliyobanduka kwa maumbo ambayo ukiyatazama muda mrefu yanapata masikio, na taa ilikuwa ile ya balbu ya njano ya zamani. Mwenye ghala alitaka elfu hamsini, tukampa. Mlinzi wa kweli alimfundisha mwigizaji wetu namna ya kujifunika shuka bila kuonekana amelala, ufundi ambao hauko katika chuo chochote cha maigizo.

Kuhusu gari, lilikuwa Land Cruiser ya zamani yenye milango inayofungwa kwa kubembelezwa, lakini halikutukwamisha hata mara moja katika mchanga wa Nanyamba, na dereva hakuendesha kwa kasi hata tulipochelewa. Risiti ya mashine nilipewa bila kuidai, jambo ambalo si la kudharau. Saa za kuondoka ziliheshimiwa. Simu zilipokelewa usiku. Malazi ya Mtwara Mjini, eneo la Shangani, yalikuwa safi na yalilingana na bei. Ya Newala nimekwisha kuyasema.

Je, nitawatumia tena? Tumebakisha siku mbili za kupiga, za msimu wa korosho, kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mmoja, tukitafuta magunia, mizani na watu waliojaa ghalani, na nimekwisha kuwapigia simu. Nimeweka masharti matatu kwa maandishi: kwamba dereva yule awe kwenye gari letu, kwamba kila lokesheni ya pwani ije na saa za maji kujaa na kutoka, na kwamba kabla ya kunionyesha picha yoyote waniambie kwanza watu gani huwa wapo pale na wanafanya nini. Masharti mawili ya kwanza wameyakubali siku hiyohiyo. Kwa la tatu wamenitumia picha sita, tano zikiwa za machweo, na ya sita ni ya ua wa babu yule, umejaa kuku, na chini yake wameandika kwamba anauliza lini tutarudi, kwa sababu gogo lile amelimaliza na limepata mnunuzi, lakini amemwambia asubiri hadi tulipige picha.